Kwa Nini Risasi Huadimika Marekani

Marekani ina bunduki nyingi kuliko watu. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa nchi hiyo wanamiliki silaha milioni 393, yaani takriban 120 kwa kila watu 100, na kwamba karibu nusu ya silaha zote zilizo mikononi mwa raia duniani ziko huko. Mtu angedhani katika nchi kama hiyo, yenye viwanda vikubwa na maduka ya silaha hadi vijijini, kitu cha mwisho kukosekana ni risasi. Kumbe tangu mwaka 2008 rafu zimekauka mara tatu, kila mara kwa miezi mingi: baada ya uchaguzi wa Barack Obama, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, na wakati wa janga la korona. Risasi moja ya bastola ya milimita 9, iliyouzwa kwa takriban senti 20 mwaka 2019, ilifika senti 70 na hata dola nzima mwanzoni mwa 2021. Waliopanga foleni walikuwa na maelezo yao: serikali inazinunua zote, viwanda vinazificha, vita vimezimaliza. Yamo ya kweli katika maelezo hayo. Lakini kiini cha uhaba huu, nadhani, kiko katika sababu inayomfanya Mmarekani awe na bunduki, na sababu hiyo imebadilika sana ndani ya nusu karne.

Zamani bunduki kwa familia nyingi za mashambani ilikuwa chombo cha kazi na mapumziko: kuwinda kulungu na bata, kufukuza wanyama waharibifu, kushindana shabaha siku za mapumziko. Chama cha NRA, ambacho leo dunia inakijua kama mtetezi mkali wa silaha, kilianzishwa mwaka 1871 na watu waliotumikia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kusikitishwa na ulengaji mbovu wa askari wao. Kazi yake ilikuwa kufundisha shabaha. Bunduki zenyewe zilinunuliwa bila kelele. Lee Harvey Oswald, anayetajwa kumuua Rais Kennedy mwaka 1963, aliagiza bunduki yake kwa posta baada ya tangazo katika jarida la NRA, kwa fedha isiyozidi dola 22. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kuuawa, sheria mpya ilizuia biashara hiyo ya posta na kuwataka wauzaji waandike kila anayenunua risasi. NRA ilinung'unika, lakini viongozi wake walikiri kwamba wawindaji wangeweza kuishi na sheria hiyo. Wala haikuwa ajabu: kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1959 ilionyesha asilimia 60 ya Wamarekani wakitaka bastola zipigwe marufuku kwa wote isipokuwa polisi na wengine wenye ruhusa maalumu. Mwaka 2021 waliotaka hivyo walikuwa asilimia 19.

Katikati ya tarehe hizo mbili mambo mengi yalitokea. Uhalifu mijini ulipanda. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu wa NRA mjini Cincinnati, wanachama waliokerwa na upole wa viongozi waliwang'oa na kukigeuza chama kuwa nguvu ya kisiasa. Mwaka 1986 masharti ya kuandika wanunuzi wa risasi yalifutwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka, katika kesi ya Heller, kwamba Katiba inamlinda mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Mioyo nayo ilifuata mkondo huo. Mwaka 1999, walipoulizwa sababu kuu ya kuwa na bunduki, asilimia 49 ya wamiliki walitaja uwindaji na 26 walitaja kujilinda. Mwaka 2013 hesabu ilikuwa imepinduka: 48 kujilinda, 32 kuwinda. Kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza wamiliki mwaka 2023, asilimia 72 walisema kujilinda ni sababu kubwa kwao.

Hapo ndipo hesabu ya risasi inapobadilika. Mwindaji ana msimu, na msimu una mwisho. Anajua atakwenda porini wiki fulani ya Novemba, atajaribu shabaha mara chache, atafyatua risasi moja au tatu akibahatika kumwona mnyama. Paketi ya risasi 20 inaweza kumtosha miaka kadhaa. Anayejilinda hana kalenda. Anajiandaa kwa siku asiyoijua, dhidi ya mtu asiyemjua, na hakuna anayeweza kumwambia risasi ngapi zinatosha kwa siku hiyo. Huenda asifyatue hata moja maishani mwake, lakini mahitaji yake hayana kikomo, kwa kuwa kinachoyapima ni hofu. Na hofu hupanda na kushuka kwa taarifa ya habari.

Tazama mwaka 2008 na miaka iliyofuata. Obama hakuwa hata ameapishwa wakati maduka yalipoanza kuishiwa. Katika muhula wake wa kwanza hakutia saini sheria yoyote kubwa ya kubana silaha. Aliyoisaini mwaka 2009 iliwaruhusu watu kuingia na bunduki katika hifadhi za taifa. Haikusaidia kitu. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook mjini Newtown, Connecticut, na mazungumzo ya sheria mpya yakaanza kwa kishindo. Mnamo Januari 2013 maduka ya Walmart yalikuwa yakimruhusu kila mteja paketi tatu tu kwa siku. Muswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulishindwa katika Seneti mwezi Aprili, lakini uhaba haukuondoka nao. Ajabu ni kwamba risasi iliyokosekana kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile ndogo na rahisi ya .22, ambayo watoto hujifunzia kulenga makopo, na ambayo miswada hiyo haikukusudia kuipiga marufuku. Watu waliinunua kwa sababu iliyofanya majirani zetu wanunue sukari kilo kumi kumi tetesi zilipoenea kwamba sukari itaadimika: rafu tupu yenyewe ndiyo ilikuwa habari.

Kuna waliosisitiza wakati huo kwamba mnunuzi mkubwa ni serikali. Ilienea kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani imeagiza zaidi ya risasi bilioni moja na nusu ili kuwanyima raia. Ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge ilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwanzoni mwa 2014: kiasi kinachonunuliwa na wizara kwa mwaka kilikuwa kimeshuka tangu 2009, na mikataba mikubwa iliyotajwa ilikuwa ukomo wa kile kinachoweza kununuliwa kwa miaka kadhaa. Uvumi mwingine ulihusu kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi cha Herculaneum, Missouri, kilichofungwa mwishoni mwa 2013. Kiwanda kilifungwa kweli, lakini watengenezaji wakubwa walikuwa wakitumia madini yaliyotokana na betri kuukuu na vyuma chakavu, na rafu zilikuwa zimeshakauka mwaka mzima kabla. Uvumi wa namna hii hauna budi kuaminiwa na mtu ambaye tayari amenunua bunduki kwa kuishuku serikali. Maana ushahidi wa kuukanusha unatoka kwa serikali hiyohiyo.

Swali zito zaidi ni la mfanyabiashara: kama wateja wamejaa mlangoni na fedha mkononi, kwa nini viwanda visiongeze mashine? Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti, kichwa chenyewe, na kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na pini ya bunduki. Hicho kikombe, ambacho si kikubwa kuliko punje ya dengu, ndicho kinachokwamisha kazi yote. Kemikali yake ni hatari kuitengeneza, na ndani ya Marekani ni kampuni chache mno zinazokizalisha kwa wingi. Kujenga kiwanda kipya huchukua miaka na mamilioni ya dola. Na wenye viwanda wanakumbuka mwaka 2016. Maduka yalijaza maghala yakitarajia Hillary Clinton ashinde na hofu irudi. Alishinda Donald Trump, mgombea aliyeungwa mkono na NRA, na mauzo yakaanguka. Remington, kampuni iliyoanza mwaka 1816, iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2018, ikiwa imelemewa pia na madeni, kisha ikarudi mahakamani mwaka 2020, na kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikauzwa kwa mshindani. Yaani rais rafiki wa bunduki huharibu biashara ya bunduki, na anayeogopwa huiendesha. Hakuna mwekezaji mwenye akili anayejenga kiwanda cha miaka thelathini kwa soko la namna hiyo. Kwa hiyo hofu huleta uhaba kwa njia mbili: huwafanya wengi wanunue kwa pamoja, na huwafanya wazalishaji waogope kupanuka.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwaka 2020 haikuwa siasa ya sheria hata kidogo, ilikuwa korona, maandamano na miji iliyofungwa. Naafiki, na ndiyo maana nasema hofu, sisemi sheria. Ukaguzi wa majina unaosimamiwa na FBI, ambao haulingani na mauzo lakini huonyesha mwelekeo, ulifika milioni 39.7 mwaka huo kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la Annals of Internal Medicine ulikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima milioni 7.5 walipata bunduki kwa mara ya kwanza. Nusu yao walikuwa wanawake, na mmoja kati ya watano alikuwa Mweusi. Kila mmoja wao akinunua paketi mbili tu za risasi 50, hizo ni risasi milioni 750 kabla mwenye bunduki wa zamani hajafika dukani. Hapo msimamo juu ya silaha ulihamia kwa watu ambao zamani silaha zilitumika kuwatisha. Mwaka 1967, vijana wa chama cha Weusi cha Black Panther walipoanza kuzunguka na bunduki mitaani Oakland, gavana wa California aliyetia saini sheria ya kuwazuia alikuwa Ronald Reagan, na wahafidhina hawakulalamika.

Pingamizi jingine nalikubali nusu. Mwenye kulimbikiza, wanasema, si mjinga: aliyenunua risasi elfu mbili mwaka 2019 aliokoa fedha nyingi, na matukio ya dunia yamempa sababu. Agosti 2021 Marekani ilitangaza kuzuia risasi za Urusi, zilizopendwa kwa bei yake nafuu, kwa sababu ya mwanasiasa Alexei Navalny kupewa sumu. Kisha vita vya Ukraine vikaanza kunyonya baruti, na mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Vista Outdoor iliwaarifu wateja kwamba baruti imeadimika duniani na bei itapanda. Mwishoni mwa mwaka huohuo biashara yake ya risasi, yenye majina kama Federal na Remington, ilinunuliwa na kundi la makampuni la CSG kutoka Jamhuri ya Czech, muuzaji mkubwa wa mizinga na makombora kwa majeshi ya Ulaya. Haya yote ni ya kweli, na mtu mmoja mmoja anakokotoa vizuri. Ila hesabu yake njema, ikifanywa na mamilioni kwa wiki moja, ndiyo inayoumba uhaba anaouogopa. Tusisahau pia kwamba bunduki hazijasambaa sawa: utafiti wa mwaka 2015 uliona asilimia 3 tu ya watu wazima wakimiliki nusu ya silaha zote. Kundi dogo likitaharuki, nchi nzima hukosa.

Wapo waliotumaini kwamba uhaba ungefanya kazi ambayo sheria ilishindwa. Seneta Daniel Patrick Moynihan wa New York alijenga hoja miaka ya 1990 kwamba bunduki zitadumu karne lakini risasi huisha, kwa hiyo zitozwe kodi kali, lakini hakufanikiwa. Msomaji wa Kenya, ambako cheti cha silaha hutaja kiasi cha risasi mtu anachoruhusiwa, ataona wazo hilo la kawaida kabisa. Lakini uhaba unaoletwa na kelele za soko haupunguzi damu. Mwaka 2021, rafu zikiwa tupu, vifo vya bunduki Marekani vilifika 48,830, vingi kuliko mwaka wowote uliowahi kurekodiwa hadi hapo. Zaidi ya nusu walijiua wenyewe, na kwa hilo risasi moja iliyolala kwenye droo inatosha.

Aliyeumia zaidi dukani ni yule mmiliki wa kizamani. Viwanda vilipolemewa mwaka 2020 na 2021, mashine zilielekezwa kwenye milimita 9 na risasi za bunduki za mtindo wa kijeshi, ambazo foleni yake ilikuwa ndefu, na risasi za kulungu kama .30-30 na .243 zikangoja. Walmart ilikuwa imejaribu njia ya kinyume: baada ya mauaji katika duka lake la El Paso mwaka 2019 iliacha kuuza risasi za bastola na kubaki na za uwindaji, ikitabiri kwamba sehemu yake ya soko la risasi ingeshuka kutoka asilimia 20 hadi kati ya 6 na 9. Tofauti ya tarakimu hizo inaonyesha soko limehamia wapi. Hata kodi inaonyesha hivyo: tangu mwaka 1937 kodi ya risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, hugharimia hifadhi ya wanyamapori, na mwaka 2023 mfuko huo uligawa zaidi ya dola bilioni 1. Sehemu kubwa ya fedha hizo sasa inatolewa na watu wasiowinda wala wasiokusudia kuwinda.