Nyari Saa Kumi na Mbili Jioni

Ukifika Marafa saa nane mchana utadhani umedanganywa. Jua la utosini limepausha kila kitu, na genge zima linafanana na matofali yaliyoingiwa na vumbi. Lakini usiondoke. Keti ukingoni, kwenye kivuli chochote utakachopata, umsikilize kijana anayekuongoza akisimulia juu ya matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe hadi Mungu akawadidimiza ardhini. Ikigonga saa kumi na moja na nusu, nguzo zile zile za mchanga zinaanza kuwaka. Nyekundu imekolea, njano imekuwa ya embe bivu, na vivuli vilivyokuwa vya kijivu vimeingia zambarau.

Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipobomoka penyewe. Watalii wamepabandika jina la Jiko la Jehanamu, jina ambalo mimi silipendi, maana linaficha uzuri wa pale. Genge hilo liko ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya. Mchanga wake ulirundikana enzi ya Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na 2.6 iliyopita, na mvua ndiyo inayouchonga. Penye tabaka gumu juu, udongo ulio chini yake husitirika ukabaki umesimama kama nguzo. Kofia hiyo ikianguka, nguzo nayo haina maisha marefu.

Chota mchanga kiganjani, uusugue kwa maji. Vidole vitabaki vyekundu na chembe zitaanza kung'aa, kwani nyingi ni za kwatzi, angavu kama kioo. Rangi ni ganda jembamba tu la kutu lililozigandia. Chuma kilichoungana na oksijeni hutoa hematiti, ambayo ni nyekundu. Kikishika na maji ndani yake hutoa goetiti, ambayo ni njano. Mahali maji yalipokiosha chuma chote, mchanga umebaki mweupe. Tofauti ya njano na nyekundu ni ndogo kiasi kwamba waweza kuivuka jikoni: weka udongo wa njano kwenye kipande cha bati juu ya makaa yaliyokolea, na maji yakishatoka utauona unageuka mwekundu.

Mafundi seremala wa zamani wa pwani waliujua udongo huo kwa jina la ngeu, wakapigia nao mistari kwenye mbao. Na si wao wa kwanza. Katika pango la Panga ya Saidi, humu humu kaunti ya Kilifi, ambamo mwaka 2021 wataalamu walitangaza kupatikana kwa kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, vimepatikana pia vipande vya ngeu vilivyotumiwa na watu wa kale.

Lakini chuma hakibadiliki kati ya saa nane na magharibi. Kinachobadilika ni mwanga. Hewa hutawanya mawimbi mafupi ya buluu karibu mara 6 zaidi ya yale marefu ya wekundu. Jua likigusa upeo, mwanga wake hupita hewa nene karibu mara 40 ya ile ya adhuhuri, na buluu yake nyingi humwagika njiani. Unaofika Nyari umejaa wekundu, nao unakutana na udongo unaorudisha wekundu. Kivulini jua halifiki. Huko huangaza anga tu, na anga ni la buluu. Ndiyo zambarau ile.

Wapo wachoraji waliotumia maisha yao kuliwinda jambo hili. Mwaka 1886 Mfaransa Claude Monet alikwenda Uholanzi maua ya tulipu yalipochanua, akachora mashamba ya kule, mengine karibu na Sassenheim. Picha moja, yenye kinu cha upepo, imo katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Ukiisogelea, hakuna ua hata moja. Ni mipigo minene ya brashi, nyekundu, njano na waridi. Rudi nyuma hatua kadhaa, jicho lishindwe kuitenganisha, na shamba linatokea. Nguzo za Nyari hufanya vivyo hivyo: kwa mbali ni za rangi ya chungwa, kwa karibu ni mistari ya njano na nyekundu.

Kilichowawezesha Monet na wenzake kufanya kazi juani ni kitu kidogo sana, tyubu ya bati ya kutilia rangi, ambayo mchoraji Mmarekani John Goffe Rand aliipatia hataza mwaka 1841. Na hapa ndipo penye ajabu inayonivutia kuliko yote. Mwaka 1905 Monet alitaja rangi anazotumia: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, nyekundu mbili, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi. Udongo haumo. Angekuja Marafa, angelichora genge la ngeu bila chembe ya ngeu, kwa sababu udongo ungempa rangi ya mchanga, naye alitaka rangi ya saa.

Jua lilipozama tulianza kupanda kurudi kijijini. Kijana akawasha tochi ya simu ili nione pa kukanyaga, na mwanga mweupe ukaangukia ukuta uliokuwa ukiwaka dakika 20 zilizopita. Ulikuwa tofali tena.