Kukadiria Hesabu na Kuipanga Sura

Tukiambiwa kwamba hesabu fulani "imefupishwa", hatuwezi kujua ni lipi limetendwa kati ya mambo mawili: ama hesabu yenyewe imegeuzwa, ama imeachwa kama ilivyo na kuandikwa kwa tarakimu chache. Katika programu za takwimu tofauti hii si ya maneno matupu, na mfano wa Ilemela watosha kuidhihirisha.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 343,001 katika Ilemela na 363,452 katika Nyamagana, jirani yake. Wilaya mbili hizi ndizo zifanyazo mji wa Mwanza. Sensa ya 2022 ilipata 509,687 na 594,834. Basi katika miaka kumi Ilemela iliongezeka kwa asilimia 48.6, na Nyamagana kwa asilimia 63.7.

Tuseme karani ataka jedwali jepesi kusomeka, naye akaiamuru programu ikadirie kila hesabu kwa laki iliyo karibu, kisha akaweka matokeo mahali pa hesabu za asili. Ilemela yawa laki 3, kisha laki 5. Nyamagana yawa laki 4, kisha laki 6. Akitafuta ongezeko, atajibiwa bila kusita: Ilemela asilimia 66.7, Nyamagana asilimia 50. Aliye nyuma amekuwa mbele! Wala hapana onyo lolote, maana kwa mashine 3 na 5 ni hesabu halali kama nyingine. Madarasa yakigawanywa kwa kufuata jedwali hilo, yatapelekwa kusikostahili.

Katika programu ya R kazi hiyo hufanywa kwa amri ya "round". Amri ya "format" ni kitu kingine kabisa: haiigusi hesabu iliyohifadhiwa, bali hutoa maandishi ya kusomwa kwa macho, kama 509,687 pamoja na mkato wake. Maandishi hayo hayajumlishiki. Ukijaribu, programu hukataa. Wengi huudhika, lakini mimi naona ni heri, kwani kosa lenye kelele hurekebishwa siku ile ile. Hata pasipo amri yoyote, R kwa kawaida huonyesha tarakimu saba tu zenye maana: ongezeko la Ilemela huandikwa 0.4859636, ingawa ndani limehifadhiwa kwa tarakimu nyingi zaidi.

Kwa upande wa istilahi, "kukadiria" lafaa libakie kwa kitendo cha kwanza, japokuwa lina harufu ya kubahatisha. Cha pili ningependa kiitwe "kupanga sura", nacho kifanywe mwisho, hesabu zote zikiisha kutendwa.