Upimaji wa Upumuaji wa Mwangani katika Majani ya Alizeti na Mtama Mkoani Singida

Makala haya yanafafanua upimaji wa ubadilishanaji wa gesi katika majani ya alizeti na mtama, mazao yanayostawishwa katika nyanda kame za Singida, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kati ya Novemba na Aprili.

Kimeng'enya cha Rubisko hunasa hewa ya ukaa wakati wa usanisinuru, lakini hunasa oksijeni pia. Kinaponasa oksijeni, mmea hupoteza nishati na sehemu ya kaboni uliyokwisha kuipata. Huo ndio upumuaji wa mwangani. Joto na ukame huuzidisha, kwani stomata zikifunga, hewa ya ukaa hupungua ndani ya jani ilhali oksijeni hubaki tele. Mtama, mmea wa kundi la C4, hulimbikiza hewa ya ukaa karibu na Rubisko, hivyo hasara yake ni ndogo. Alizeti, mmea wa C3, haina kinga hiyo.

Katika upimaji, sehemu ya jani lililo hai hufungiwa ndani ya chemba, kisha kichanganuzi cha infraredi hulinganisha hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya hewa ya ukaa, ikihusishwa na kasi ya mtiririko na eneo la jani, huonesha ufyonzaji halisi. Mvuke wa maji huonesha uwazi wa stomata. Hata hivyo, ufyonzaji pekee haubainishi chanzo cha upungufu. Kwa hiyo kipimo hurudiwa oksijeni ikiwa imepunguzwa kutoka asilimia 21 hadi takriban 2. Ufyonzaji huongezeka waziwazi katika alizeti, na hubadilika kidogo tu katika mtama. Ongezeko hilo lisihesabiwe lote kuwa kaboni iliyookolewa, kwa kuwa sehemu yake hutokana na Rubisko kutoshindaniwa tena na oksijeni.

Mwinuko nao huzingatiwa. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa hukaribia kilopaskali 85, badala ya 101 za pwani. Sehemu 400 kwa milioni za hewa ya ukaa zilizosomwa Singida, kwa hiyo, zina kanieneo pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko sehemu 400 zilizosomwa Dar es Salaam. Mtafiti asiyefanya marekebisho hayo anaweza kuihukumu mbegu kuwa dhaifu kwa tofauti iliyoletwa na mwinuko, na mkulima akakoseshwa mbegu iliyomfaa.