Mama wa Ruyigi: mkimbizi aliyewalea watoto wa mahasimu

Ndugu msomaji, tumezoea kulisikia neno "mkimbizi" likitajwa pamoja na vitu vya kupewa: hema, blanketi, kibaba cha unga, kadi ya kupokelea posho. Katika fikra za wengi wetu mkimbizi ni mtu wa kunyoosha mkono. Ni nadra kuulizana amebeba nini kichwani na moyoni alipovuka mpaka, na anaweza kuwapa wengine kitu gani.

Leo tunakueleza habari za mwanamke wa nchi jirani, Bibi Marguerite Barankitse wa Burundi. Mara mbili katika maisha yake jeuri ya wanadamu ilimtoa nyumbani kwake, na mara zote mbili alianza kuwahudumia wengine kabla yeye mwenyewe hajapata pa kupumzika. Tumeziweka habari hizi katika ukurasa wa familia kwa sababu silaha aliyoitumia kupigana na chuki haikuwa nyingine ila nyumba, jiko, na malezi ya watoto.

NCHI ILIYOGAWANYIKA

Ruyigi ni mji mdogo wa mashariki ya Burundi, upande ule unaoelekea Mkoa wetu wa Kigoma. Misiba ya upande huo si migeni kwetu. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwaleta Warundi wengi nchini mwetu, wakapewa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wapo wasomaji wa gazeti hili waliosoma darasa moja na watoto wa watu hao, waliofanya kazi nao na hata waliooana nao. Kuanzia mwaka 2014, zaidi ya 162,000 kati yao na wazao wao walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Mwezi Juni 1993 Warundi walipiga kura na kumchagua Melchior Ndadaye. Alikuwa Mhutu wa kwanza kuwa Rais wa nchi hiyo, naye aliwahi kuishi ukimbizini Rwanda. Hakuongoza muda mrefu. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule aliuawa na wanajeshi walioasi. Vijijini Wahutu waliwageukia jirani zao Watutsi kwa mapanga. Watutsi nao, pamoja na askari, wakalipiza kisasi kwa Wahutu. Vita vilivyoanza hapo vilidumu zaidi ya miaka kumi na kuangamiza watu wapatao 300,000.

SIKU YA TAREHE 24 OKTOBA

Bibi Barankitse ni Mtutsi. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kufanya kazi katika ofisi ya askofu wa Ruyigi. Zamani, alipokuwa bado msichana, alimchukua mwanafunzi wake yatima, binti wa Kihutu, akamfanya mwanawe. Baadaye akawaongeza wengine. Kufikia mwaka 1993 alikuwa na watoto saba wa kulea, wanne Wahutu na watatu Watutsi, nao walikula sahani moja na kumwita mama.

Habari za kuuawa kwa Rais zilipofika Ruyigi, Wahutu wengi walikimbilia makazi ya askofu wakiamini kuwa hapo patakatifu pangeheshimiwa. Bibi Barankitse alikuwa miongoni mwa waliowapokea na kuwaficha. Tarehe 24 Oktoba kundi la Watutsi wenye silaha lilifika. Wavamizi walimwona mwenzao wa kabila akiwakinga Wahutu, wakamhesabu kuwa msaliti. Walimvua nguo, wakamfunga kwenye kiti, wakamlazimisha kutazama. Watu 72 waliuawa mbele ya macho yake.

Katikati ya unyama huo aliwasihi wauaji na kuwapa fedha ili wawaachilie watoto, akafaulu kuwaokoa 25. Watoto wake saba aliwaona baadaye wakiwa hai, wamejificha ndani ya kanisa. Makazi ya askofu yalikuwa yamegeuka majivu na maiti. Hapakuwa tena na nyumba ya kurudi. Aliuchukua msafara wake wa watoto, akapata hifadhi kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akifanya kazi za misaada mjini humo.

Hebu tufikiri kidogo, msomaji. Mtu aliyefanyiwa hayo angeweza kuondoka Ruyigi asirudi tena, wala hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kuwachukia wote, waliotenda na waliotazama. Yeye aliwahesabu watoto aliokuwa nao, akaanza kuwatafutia chakula cha usiku ule.

NYUMBA IITWAYO AMANI

Kila kukicha watoto waliongezeka. Wengine waliokotwa porini, wengine wakaletwa na jamaa wasioweza kuwalisha, wengine wakiwa na majeraha ya panga na risasi. Askofu alimpa jengo la shule, na nyumba hiyo ikaitwa Maison Shalom, maana yake Nyumba ya Amani. Neno la kwanza ni la Kifaransa na la pili ni la Kiebrania. Sharti kubwa la nyumba hiyo lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulitimiza: mtoto asiulizwe kabila lake mlangoni.

Uzito wake unaonekana ukilitazama kwa macho ya mtoto. Fikiri mtoto wa miaka minane aliyeona wazazi wake wakiuawa, na usiku anatandikiwa mkeka pembeni ya mtoto ambaye watu wa kabila lake ndio waliofanya mauaji hayo. Huyo wa pili naye ana msiba wake uliosababishwa na watu wa kabila la huyu wa kwanza. Hotuba za umoja hazimfai mtoto wa namna hiyo. Kinachomfaa ni kuamka asubuhi akute uji, akute zamu ya kuteka maji imegawanywa kwa haki, akiugua auguzwe, akikosa aonywe kama mwenzake. Siku zikipita, yule "adui" anakuwa mtu mwenye jina, anayekoroma usiku na kuogopa radi.

Jambo jingine linafaa kuzingatiwa hasa na wenye kusimamia vituo vya yatima. Bibi Barankitse hakupendezwa na mabweni makubwa ambamo mtoto ni namba katika orodha. Alitafuta kwanza jamaa wa mtoto, shangazi, mjomba au bibi, ili mtoto arudi katika ukoo wake. Waliokosa jamaa waliwekwa katika nyumba ndogo ndogo za familia, ndugu wa tumbo moja wakikaa pamoja, wakijifunza kupika, kulima na kutunza nyumba yao wenyewe. Maana mtoto aliyelelewa bwenini hufika umri wa kuoa au kuolewa hajui nyumba inaendeshwaje, na yatima wa leo ndiye baba au mama wa kesho.

Kadiri miaka ilivyopita kazi ilipanuka. Maison Shalom iliwahudumia yatima wa UKIMWI, watoto walioachishwa uaskari, watoto waliokuwa magerezani, na familia zilizokuwa zikirejea kutoka kambi za Tanzania. Vijana walifundishwa ushoni na ufundi wa magari. Mjini Ruyigi kulijengwa jumba la sinema na bwawa la kuogelea, na mwaka 2008 ikafunguliwa hospitali iitwayo Rema. Huenda ukauliza, sinema ya nini katika mji uliotoka vitani? Ni kwamba vijana waliozoea kukutana wakiwa na silaha walihitaji mahali pa kukutana wakiwa na tikiti, wakakaa kwenye viti na kucheka kwa pamoja gizani bila kujua jirani ni nani.

Watoto waliopitia mikono yake na ya wenzake wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Baadhi yao walipokua walirudi Maison Shalom wakiwa wafanyakazi na viongozi wa kazi ile ile iliyowaokoa.

NISHANI ILIYOWAHI KUFIKA TANZANIA

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulimtunukia Bibi Barankitse Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa watu waliowatumikia wakimbizi kwa namna ya pekee. Imepewa jina la Fridtjof Nansen wa Norway, aliyekuwa Kamishna wa kwanza wa wakimbizi katika Shirikisho la Mataifa mwaka 1921. Nishani hiyo iliwahi kufika nchini mwetu: mwaka 1983 alitunukiwa Mwalimu Julius Nyerere, kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi.

Mwalimu na Warundi walikutana tena. Mwaka 1996 alianza kazi ya kuwasuluhisha, na mazungumzo ya Arusha yakafunguliwa mwezi Juni 1998. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla hayajakamilika. Mzee Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba wa amani ukatiwa sahihi Arusha.

Hapo tunaona njia mbili za amani zikitembea sambamba. Moja ilipita mezani, kwa wajumbe, wasuluhishi na kalamu. Nyingine ilipita jikoni, Ruyigi, kwa masufuria na madaftari ya shule. Mkataba huwaambia watu wazima waache kupigana. Lakini hauwezi kumfundisha mtoto kulala bila kuogopa jirani yake. Hiyo ni kazi ya mlezi.

SAFARI YA PILI

Mwaka 2015 Burundi ilitumbukia tena katika msukosuko, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea kipindi cha tatu. Maandamano yalianza mwezi Aprili, na mwezi Mei likatokea jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Katika miaka iliyofuata zaidi ya Warundi 400,000 walikuwa wamekimbia nchi yao. Wengi waliingia kwetu, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Wengine walikwenda Rwanda, wakapokelewa katika kambi ya Mahama.

Bibi Barankitse aliungana na waliopinga kipindi hicho cha tatu, na maisha yake yakawa hatarini. Alijificha, kisha akatoka nchini. Mwezi Novemba 2015 akaunti za Maison Shalom zilifungwa kwa amri ya wakuu wa nchi, pamoja na za mashirika mengine. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini ilionekana kama imefutwa kwa sahihi moja. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha, yeye na watu wengine, bila wao kuwapo mahakamani, kwa tuhuma ya kuhusika na jaribio lile la mapinduzi.

Kwa mara ya kwanza, mama aliyewapokea wakimbizi waliokuwa wakirejea nyumbani akawa mkimbizi katika nchi ya watu, na umri ulikuwa umesogea. Alijiunga na Warundi wenzake Rwanda, akaanza upya. Aliwatafutia karo na nafasi za vyuo vijana waliokatishwa masomo. Mwaka 2017 Maison Shalom ilifungua mjini Kigali kituo kilichopewa jina la Oasisi ya Amani, ambako wakimbizi hujifunza ushoni, mapishi na lugha, na ambako walioumizwa nafsi hupata wa kuwasikiliza. Kazi hiyo ilifika hadi kambini Mahama.

Kabla ya hapo, mwezi Aprili 2016, mjini Yerevan, Armenia, alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Aurora, iliyoanzishwa kuwakumbuka Waarmenia walioangamizwa kuanzia mwaka 1915 na wale waliowaokoa. Utaratibu wa tuzo hiyo ni kwamba dola 1,000,000 haziendi mfukoni mwa mshindi, bali hupewa mashirika anayoyachagua yeye. Aliyachagua mashirika matatu yanayowasaidia wakimbizi, yatima na maskini. Hata katika siku yake ya kupokea, alikuwa akigawa.

FUNZO KWETU

Sisi wa mijini twaweza kudhani kwamba habari hizi ni za mbali. Hata hivyo chuki ya Burundi haikuzaliwa siku ile Rais alipouawa. Ilikuwa imekwisha kulelewa majumbani, katika methali za dharau, katika utani usiokuwa utani, katika mzazi anayemkataza mwanawe kucheza na mtoto wa fulani kwa sababu ya asili yake. Yatupasa tujichunguze sisi nasi. Watoto wetu wanasikia nini mezani tunapowazungumza watu wa kabila jingine, wa dini nyingine, au jirani aliyetoka ng'ambo ya mpaka?

Karibu kila nyumba ya mfanyakazi hapa mjini ina mtoto wa kaka, wa dada au wa marehemu fulani. Kumlea huyo ni wema, ila kipimo chake ni kama anakula pale wanapokula wenye nyumba na kwenda shule pale wanapokwenda. Bibi Barankitse alikwenda hatua moja mbele: kipimo hicho hicho alikitumia kwa mtoto wa mtu ambaye angeweza kumwita adui.

Na siku utakapokutana na mkimbizi, sokoni, kazini au kwenye benchi la hospitali, mpe msaada ukiwa nao, kisha umuulize habari zake. Muulize alikuwa na kazi gani kwao na ujuzi gani mkononi. Huenda ni mwalimu, fundi au mkunga. Huenda aliacha nyuma nyumba iliyojaa watoto wasio wa kuwazaa, na anatafuta tu mahali pa kuwasha jiko tena.