Marcus Agrippa na Maji ya Roma

Marcus Vipsanius Agrippa alizaliwa yapata mwaka 63 KK katika ukoo usio na jina kubwa. Tangu ujana alikuwa rafiki wa Octavianus, aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, na ndiye aliyemshindia vita vya baharini vya Naulochus (36 KK) na Actium (31 KK). Hata hivyo, kazi iliyomgusa mkazi wa kawaida wa Roma kila siku ilikuwa ya maji.

Mwaka 33 KK alishika cheo cha edili, ofisa wa kusimamia masoko, barabara na majengo ya jiji. Kwa desturi hiyo ilikuwa ngazi ya vijana waliotamani ukonsuli, naye alikwisha kuwa konsuli miaka minne nyuma. Mkubwa kukubali kushuka hivyo lilikuwa jambo la nadra, na faida yake ilionekana upesi. Alikarabati mifereji mikuukuu, akajenga mpya, Aqua Julia, na kusafisha mitaro ya majitaka; masimulizi ya kale yanasema alipita kwa mashua ndani ya mtaro mkuu, Cloaca Maxima, hadi Mto Tiber. Mwandishi wa kale Plinius Mkubwa anataja mabirika 700, chemchemi 500 na matangi 130 ya kugawia maji.

Mwaka 19 KK ulikamilika mfereji wa Aqua Virgo, wenye urefu wa kilomita 20 hivi, karibu wote chini ya ardhi. Ulilisha mabafu aliyoyajenga karibu na hekalu la Pantheon. Jengo la leo ni la enzi ya Kaisari Hadrianus, lakini jina la Agrippa lingali limechongwa juu ya nguzo zake za mbele. Mfereji wenyewe ulikarabatiwa mara nyingi, na ndio ulioleta maji kwenye chemchemi ya Trevi.

Lililo kubwa kuliko ujenzi wote huo ni matunzo. Chokaa huganda ndani ya mifereji, kuta hupasuka, na wajanja hujiunganishia maji kwa siri. Agrippa aliweka utaratibu wa mgao: kiasi gani kiende kwenye majengo ya umma, kwenye mabirika na kwa watu binafsi. Alikuwa pia na kikosi cha watumwa wapatao 240, ambao jasho lao halipaswi kusahaulika. Alipofariki mwaka 12 KK alimwachia Augusto kikosi hicho, naye akakifanya mali ya dola. Mwaka uliofuata Seneti ilipitisha maazimio juu ya usimamizi wa maji, na Messalla Corvinus akawa msimamizi wake wa kwanza.