Nafsi na Wenzake (2): Nani Alikuambia Wewe ni Mmbunga?

Wiki iliyopita tuliishia kwa Charles Horton Cooley, mwanasosholojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1902 kwamba mtu hujijua kwa kupitia macho ya wenzake. Hukisia wanavyomwona, hukisia wanavyompima, kisha huona fahari au aibu kutokana na makisio yake mwenyewe. Leo hoja hiyo tuishushe Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero.

Tuanze na kabila, maana hapo ndipo watu hudai kuwa na hakika. Anayejitambulisha kuwa ni Mmbunga hudhani anataja jambo la kale kama Mto Kilombero wenyewe. Historia haimuungi mkono. Wambunga walijikusanya katika karne ya 19, kwenye misukosuko ya vita vya Wangoni huko kusini: watu waliozijua mbinu za Wangoni kwa kupigana nao, wakaja na silaha zao hadi bondeni, wakawakuta Wandamba, mabingwa wa mitumbwi na uvuvi. Upande wa Utengule, bondeni humohumo, watawala wa ukoo wa Manga waliposhuka kutoka nyanda za juu, wengi waliokuwa chini yao walikuja kuhesabiwa Wabena, bila kujali babu zao walikuwa nani. Mwaka 1935 afisa wa kikoloni A. T. Culwick na mkewe walitoa kitabu kuhusu Wabena hao wa mtoni, na mtawala wao, Mtema Towegale Kiwanga, mwenyewe akachangia sura. Nadhani vitabu vya aina hiyo havikueleza kabila tu, vilisaidia pia kulikaza. Tangu sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, serikali ya Tanganyika ilitaka kila mtu awe na kabila lake na mtawala wake, na daftari la kodi halina nafasi ya mtu mwenye majibu mawili.

Mnorwe Fredrik Barth alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1969: kabila hudumu kwa sababu ya mpaka wake na jirani, si kwa sababu ya mila zilizomo ndani. Mila hubadilika, watu huvuka, mpaka unabaki.

Lakini mtoto hazaliwi akiujua mpaka huo. Mmarekani mwingine, George Herbert Mead, aliyefariki mwaka 1931, alisema mtoto huupata utu wake akicheza. Tazama wasichana wakicheza rede jioni. Wawili wanarushiana mpira, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Wa katikati hawezi kudumu kama hajui wale wawili wanawaza nini. Inambidi awe yeye, na kwa dakika hiyohiyo awe wao. Mead alitumia mchezo wa Kimarekani wa mpira na gongo, ila naona rede inafundisha somo hilo vizuri zaidi, kwa kuwa kosa linaonekana hapohapo.

Ukubwani shule hiyo huendelea kwa utani. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu", naye mtoto humjibu kwamba mume mzee hivyo hamtaki. Makabila nayo hutaniana: Wahehe na Wangoni, waliouana vitani mwishoni mwa karne ya 19, leo ni watani wakubwa. Msibani ndiko utani huonekana kwa ukamilifu. Wafiwa wanalia, mtani anatokea kavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai madeni ambayo marehemu hakuyalipa. Anaweza hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Mjane anajikuta anacheka. Na walio hai, wakiwa wamekaa mkekani, wanapata habari nzito: kumbe mwendo wetu unajulikana, kumbe ubahili wetu umeandikwa vichwani mwa watu. Cooley alizungumzia makisio. Mtani hakuachi ukisie.

Kwa kuwa mtu hujijua kwa anavyoitwa na wenzake, naitazama kwa wasiwasi hali ya Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Katika mazungumzo ya migogoro ya ardhi, mtu huwa "mkulima" au "mfugaji", basi. Mwishoni mwa mwaka 2012, operesheni ya serikali ya kuondoa mifugo katika bonde ilifanyika kwa mgawanyo huohuo. Ila nenda shambani msimu wa mpunga: Msukuma analima mpunga wake ekari kwa ekari, na wenyeji wanakodi maksai wake wawalimie. Ni mkulima kama wao. Hata hivyo, mtu akiitwa mfugaji kila mkutano wa kijiji, na akijibiwa kama mfugaji kila anapofika ofisini, atakaa karibu na wafugaji wenzake, atawasikiliza wao, na ataanza kuongea kama mfugaji anayesemwa. Wandamba na Wambunga waliwahi kuogopana kwa silaha, lakini vizazi vya kuoana na kuzikana viliwapa kauli nyingine za kuitana. Kwa wageni hawa, kauli nyingi bado zinatoka mikutanoni na ofisini.

Wiki ijayo tutaingia kwenye vijiwe vya bodaboda, tuone jina la utani linavyoweza kumganda mtu mpaka likamfuta jina alilopewa na wazazi.