Joto la Indaksheni na Ukomavu wa Gundi: Maelezo na Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viwanda vinavyokomaza gundi kwa joto la indaksheni, na kuonyesha kwamba uteuzi wa vitenzi una uzito hata katika jambo la kiufundi.

Asili yake ni ugunduzi wa Michael Faraday, mjini London, mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzaa mkondo wa umeme katika metali iliyo karibu. Kiwandani, mkondo geu hupitishwa katika bomba la shaba lililoviringwa. Chuma kikiwekwa karibu nalo, pasipo kuguswa, mikondo huzunguka ndani yake, na ukinzani wa chuma huigeuza kuwa joto. Kwa hiyo chuma "hakipashwi moto", kama kisu juu ya makaa. Joto hupanda ndani ya chuma chenyewe.

Gundi haipitishi umeme, hivyo huambukizwa joto na chuma inachokishika. Njia hii hutumika katika milango ya magari, ambapo ukingo wa bamba la nje hukunjwa juu ya bamba la ndani, na gundi ya epoksi ikawa katikati. Sekunde chache hutosha kuyazuia mabamba yasisogee; ukomavu kamili hupatikana baadaye katika tanuri la rangi. Panapounganishwa plastiki, chembe za chuma huweza kuchanganywa ndani ya gundi.

Hapa pana kitenzi cha pili. Epoksi "haikauki", kwani kukauka ni kupoteza maji. Molekuli zake huungana zikawa wavu mmoja: gundi hukomaa. Fundi anayedhani imekauka, kwa kuwa hainati tena kidoleni, atakatiza joto mapema, na kiungo kitaachia.

Hapa Shabunda huchimbwa kasiteriti, jiwe litoalo bati la kulehemia. Na bati hilo nalo huweza kuyeyushwa kwa indaksheni. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, ilhali fizikia hufundishwa vyuoni kwa Kifaransa. Kijana wetu hulisimulia jiwe kwa Kiswahili mpaka linapopakiwa. Kwa yale yanayolipata baadaye, hana maneno. Tunapendekeza basi "kupanda joto" na "kukomaa". Wanafunzi wa lugha na wa fizikia wayapime pamoja, mbele ya mafundi.